Kibali cha Kumsikiliza Mtoto

Ofisi ya Uratibu wa Ushirikiano wa Familia, Shule na Jamii katika Ujifunzaji wa Mtoto ina furaha kuutangazia umma kwamba, kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, familia, shule na jamii zitaanza kushirikiana. Kabla ya tarehe hiyo, wananchi wanaombwa kuwa na subira.

Tangazo hilo nililiandika mimi. Mimi ndiye Katibu wa Ofisi, na nasema bila kujikweza kwamba katika jengo letu la ghorofa mbili hakuna anayeandika tangazo likatangazika kama mimi. Lilibandikwa sokoni, zahanati, kituo cha polisi na kwenye mlango wa choo cha ofisi, ambako nilihakikisha kwa macho yangu kwamba linasomwa.

Wapo waliouliza kwa nini jambo hili linahitaji ofisi nzima. Hao ni watu wasioelewa uratibu. Mzazi akikaa na mwanawe wakafungua daftari, sawa, lakini nani amemwidhinisha? Kumbukumbu ziko wapi? Mtoto akielewa hesabu ya kugawanya Jumanne baada ya kuoga, Ofisi itajuaje? Kwa miaka mingi watoto wamekuwa wakielewa mambo ovyo ovyo, kila mmoja kwa wakati wake, bila takwimu. Mkurugenzi wetu aliliona hilo, likamkosesha raha, akaomba gari.

Sasa, mwongozo unasema kabla ya kuzindua kitu ni lazima kwanza ithibitike kwamba hakipo. Ndipo nikatumwa mitaani na daftari kufanya upembuzi yakinifu.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Kwenye lango la shule nilikuta kibao kilichoandikwa MZAZI MWISHO HAPA. Majumbani niliwakuta akina baba wakisema, "Muulize mama yako." Akina mama walisema, "Kamuulize mwalimu wako, si ndiye analipwa?" Nilipofika kwa walimu wakasema, "Kwani kwenu hakuna watu?" Mtoto alikuwa anazungushwa kama barua isiyo na anuani. Niliandika katika daftari: hali inaridhisha.

Wiki ya pili, katika mtaa ulio nyuma ya soko, msumari wa benchi moja la wauza viatu uliniharibia kazi. Ulinasa suruali yangu nyuma, nami nikasimama kwa nguvu. Mlio wa kitambaa kuchanika ulisikika mpaka ng'ambo ya barabara, na mtu mmoja akanipa pole kabla sijamwomba. Nikatembea kinyumenyume hadi kwenye kibaraza cha fundi cherehani niliyeelekezwa, mwanamke mtu mzima ambaye mtaa wote unamwita Bi Mkasi.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unaingia kama kaa? Huko nyuma kumekuwaje?"

"Msumari."

"Vua."

Akanirushia kipande cha kitambaa cha pazia. Nikajifunga, mimi na cheo changu, nikakaa kwenye benchi refu lililojaa watu. Mara akaja mtoto wa kike mwenye doa jeusi shavuni, kitabu kwapani, akajibana pembeni yangu.

"Huyu ni mjukuu wangu, Kidoti," akasema Bi Mkasi bila kuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Yuko darasa la tatu. Yeye anasoma, wewe unasikiliza."

"Nisikilize kwa kazi gani?"

"Nguo haitoki bila ukurasa, baba. Ndio utaratibu wetu hapa."

Nitaeleza utaratibu huo, maana ndio ulioleta kizaazaa chote. Bi Mkasi, kama mafundi wote chini ya jua, huahidi nguo Jumamosi hii akaitoa Jumamosi ya tatu. Mafundi wengine huwaomba wateja radhi. Yeye aliona watu wazima wamekaa bure kutwa nzima wakitazamana, akaona na watoto wa mtaa wanaotoka shule hawana wa kuwasikiliza wakisoma, akawaweka benchi moja. Mwalimu wa darasa la tatu humpitishia katoni ya vitabu kila Jumatatu. Kila mteja anayesubiri hupewa mtoto. Siku hiyo palikuwa na bibi harusi mtarajiwa aliyekuwa analingoja gauni lake wiki ya tatu, na tayari alikuwa amesikiliza vitabu tisa. Wenzake walimtania kwamba ataolewa akiwa na cheti cha darasa la tatu.

Pembeni yake alikaa mchukuzi wa mizigo wa sokoni, mzee wa mabega mapana, asiyejua hata herufi moja. Nilidhani amekosea benchi. Lakini yeye ndiye watoto waliyemgombania. Mtoto akisoma sentensi, mchukuzi huinama mbele, macho yakamtoka, akauliza, "Enhe, halafu?" Na mtoto hukimbilia sentensi inayofuata.

Kidoti alinisomea habari za kobe aliyepoteza ufunguo wa nyumba yake. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Akafika kwenye neno "ghafla", akanasa.

"Gha... gha..."

"Ruka, endelea," nikamwambia, kwa kuwa nilikuwa na kikao saa tisa.

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa akaibe. "Bibi hataki turuke."

"Mshono ulioruka ndio unaofumuka," akasema Bi Mkasi. "Kilichoandikwa chote kinasomwa. Msubiri."

Nikasubiri. Benchi zima likasubiri, na hata cherehani ikanyamaza.

"Gha-fla. Ghafla!"

Watu wakapumua. Mchukuzi akapiga paja lake kana kwamba mtoto amefunga bao. Suruali yangu ilikuwa tayari muda mrefu, imepigwa na pasi, lakini sikuondoka. Nilitaka kujua kama kobe aliupata ule ufunguo. Aliupata, alikuwa ameukalia.

Nilipokuwa navaa nyuma ya pazia, Bi Mkasi alinisogelea, akashusha sauti. "Mwisho wa muhula anasoma mbele ya Mwalimu Mkuu. Darasa la tatu amesharudia mara moja. Akianguka tena anarudia mara ya pili, na ameniapia kwamba harudi. Namjua, harudi. Mama yake aliachia hapo hapo, darasa hilo hilo. Mpaka leo akiletewa karatasi anaweka dole gumba."

"Atafaulu?"

"Muhula ulipoanza alikuwa hawezi kusoma jina lake mwenyewe. Leo umemsikia. Akipata mtu wa kumsikiliza kila siku mpaka hiyo siku, anapita. Hana tatizo jingine."

Nilirudi ofisini nimefurahi, jambo ambalo ni geni kwangu siku za kazi. Nikampelekea Mkurugenzi taarifa.

"Unaniambia upo?" akauliza.

"Upo, mkuu."

"Ushirikiano?"

"Wa familia, shule na jamii. Uko kwenye benchi."

Mkurugenzi akavua miwani. "Katibu, tunazindua tarehe mosi."

"Ndiyo, mkuu."

"Mgeni Rasmi kutoka makao makuu amekwisha kualikwa. Utepe umenunuliwa. Sasa akija akaukuta upo, tutamzindulia nini?"

Nakiri kwamba hilo sikuwa nimeliona. Ndiyo maana yeye ni mkurugenzi na mimi ni katibu.

Kamati iliketi vikao vitatu mfululizo na kuazimia kwa kauli moja kwamba ushirikiano uliopo usimamishwe ili uweze kuzinduliwa. Barua niliiandika mimi. Nilimweleza Bi Mkasi kwamba kibarazani kwake panaendeshwa ushirikiano holela, kwamba benchi halijasajiliwa, kwamba wateja wake wanasikiliza watoto bila sifa, na kwamba mchukuzi wa mizigo ametamka mara nyingi maneno "Enhe, halafu?", ambayo kwa mujibu wa mwongozo ni swali chochezi la kielimu na huulizwa na afisa wa daraja la pili na kuendelea. Nikaambatanisha Fomu ya Maombi ya Kibali cha Kumsikiliza Mtoto, kurasa kumi na moja, itakayorejeshwa na picha mbili za pasipoti, moja ya uso na moja ya sikio. Majibu hutoka baada ya siku tisini za kazi. Mtihani wa Kidoti ulikuwa umebakiza wiki tano.

Hatukuwa wakatili. Tuliruhusu cherehani iendelee. Tuliruhusu hata watoto wasome, mradi tu mtu mzima yeyote asisikie. Tukaweka askari kusimamia hilo. Siku ya tatu nilikwenda kukagua, nikamkuta askari amevua kofia, amekaa kwenye benchi katikati ya watoto wawili, anauliza, "Enhe, halafu?" Tukamrudisha kituoni. Siku hiyo hiyo tukapiga kufuli mlango wa kibaraza, tukalichukua benchi kama kielelezo na kulihifadhi katika stoo ya Ofisi, miguu juu.

Kesho yake wakaja ofisini watu watatu: Bi Mkasi, Kidoti na mwalimu wa darasa la tatu, ambaye vumbi la chaki lilikuwa bado mikononi mwake.

"Shikamoo, bi mkubwa," nikasema.

"Marahaba. Sikuja kuamkiwa. Fomu yenu hii hapa."

Nikaipitia. "Ukurasa wa nne umeulizwa lengo mahsusi la kusikiliza. Umeandika 'kusikia'."

"Ehe."

"Jibu hilo halikubaliki."

"Kwa nini?"

"Halipimiki."

Bi Mkasi alinitazama kuanzia mabegani hadi kiunoni, jicho la fundi, nikahisi nimepwaya.

"Katibu," akasema mwalimu, "mimi nina watoto sabini na wanne. Nikimsikiliza kila mmoja dakika moja, kipindi kimeisha na hesabu sijagusa. Lile benchi lilikuwa linanisaidia kazi. Nilikuwa nikiingia darasani asubuhi naona kabisa nani jana alikuwa na mtu wa kumsikiliza."

"Hilo, mwalimu, linadhihirisha umuhimu wa ushirikiano."

"Ambao mmeufunga."

"Ambao tutauzindua."

Wakati huo Kidoti alikuwa ameegemea ukuta, kidole juu ya bango letu kubwa la rangi. "M-za-zi," akasoma, "m-si-ki-li-ze mwa-nao. Mzazi, msikilize mwanao. Bibi, nimepatia?"

"Umepatia, mjukuu wangu." Bi Mkasi akanigeukia na kuninyooshea mikono yote miwili. "Nimesikia. Haya, nifunge pingu."

Niliona haya. Nasema wazi, niliona haya mpaka masikio yakawa moto. Lakini Ofisi haina fomu ya haya, kwa hiyo nikagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, nikawatakia siku njema.

Wiki mbili kabla ya uzinduzi, barua ikatoka makao makuu. Tarehe mosi ilikuwa imesogezwa mpaka wiki ya mwisho ya muhula, kwa sababu za kiutendaji za Mgeni Rasmi. Aidha, Mgeni Rasmi angependa kumsikia mnufaika mmoja, mtoto, akisoma kwa kinywa chake ushuhuda wa jinsi Ofisi ilivyombadilisha.

"Mtafute," akasema Mkurugenzi.

"Mkuu, mradi utakuwa ndiyo kwanza unazinduliwa. Mnufaika atatoka wapi?"

"Katibu, usiniletee falsafa. Mtoto anayesoma, basi."

"Labda wa kwako, mkuu. Si una binti shule ya msingi?"

"Ninaye."

"Yuko darasa la ngapi?"

Mkurugenzi akatazama dari, akatazama dirisha. "Muulize dereva," akasema. "Yeye ndiye anayempeleka."

Dereva aliniambia yuko la tano, anapenda sayansi, anaogopa kuitwa ubaoni, na kwamba njia nzima kila asubuhi humsomea dereva kitabu. Nikaona nisiliandike hilo popote.

Nilizunguka siku nne. Watoto wa wajumbe wa Kamati walisoma vizuri, lakini kila mmoja alipoulizwa nani aliyemfundisha alimtaja dada wa kazi. Nikakosa njia. Nikaenda nyumbani kwa Bi Mkasi, chumba kimoja na sebule nyuma ya soko, ambako sasa alishonea kitandani huku vipande vya kitambaa vimetapakaa mpaka mlangoni.

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mdomoni ana pini tatu. Akazitoa moja moja.

"Kwa hiyo mmemfungia asisome, halafu mnamtaka aje aseme nyinyi ndio mliomsomesha."

"Kwa lugha ya kiofisi tunasema..."

"Nimeuliza nikajibu mwenyewe, tulia. Mwalimu Mkuu atakuwapo?"

"Amealikwa, safu ya mbele."

"Basi mtihani wa Kidoti uwe huo. Asome hapo, Mwalimu Mkuu asahihishe hapo, yaishe. Hiyo karatasi atapewa lini?"

"Siku hiyo hiyo. Nyaraka za Mkurugenzi ni siri mpaka zisomwe."

"Safi. Mtihani hauonwi kabla."

Mwalimu Mkuu, mwanamke asiyecheka na mtu, alikubali kwa masharti yake: mtoto asome ukurasa wote, asisaidiwe, na neno moja likirukwa amefeli. Nilipompelekea Bi Mkasi jibu hilo nyumbani, nilimwuliza kama mtoto amepata mazoezi katika muda huu. Akazirudisha pini mdomoni. Lakini nje ya dirisha nilimwona mchukuzi wa mizigo, amesimama na gunia lake kichwani, amegeukia upande wa pili, hatikisiki, na ndani Kidoti alikuwa anamsomea ukuta kwa sauti kubwa. Mwongozo haukatazi kusikia kwa bahati mbaya, nami sikuona sababu ya kuurekebisha siku hiyo.

Ushuhuda niliutunga mimi. Mkurugenzi akaupitia kwa kalamu yake nyekundu kama ilivyo desturi yake, akijaza maagizo pembeni, juu ya mistari na katikati ya mistari. Kisha ukaenda kwa mpiga chapa wetu. Mama huyo ni hodari, lakini mwaka uliopita alipewa barua ya onyo kwa kosa la kusahihisha neno moja la Mkurugenzi. Tangu siku hiyo huchapa kila anachokiona, kwa mpangilio anaouona, na hana ugomvi na mtu. Karatasi ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikapigwa lakiri, ikaandikwa SIRI. Kwa kuwa ilikuwa siri, hakuna aliyeruhusiwa kuifungua kuisoma, na mimi ni mtu wa kufuata taratibu.

Siku ikafika. Ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Kauli mbiu yangu ya kwanza, Kidole Kimoja Hakivunji Chawa, ilikuwa imekataliwa, kwa hofu kwamba mgeni angedhani anaambiwa ana chawa, kwa hiyo juu ya jukwaa palining'inia kitambaa kilichoandikwa USHIRIKIANO. Mgeni Rasmi aliketi kwenye kochi. Hotuba zilikuwa saba. Ilipofika ya tano, Mgeni Rasmi alikuwa ameshakunja mikono tumboni na kidevu kimetua juu ya tai.

"Na sasa," nikatangaza, "mnufaika!"

Kidoti alipandishwa kwenye kiti ili akifikie kipaza sauti. Alivaa gauni la bluu lenye pindo lililonyooka kama rula. Nikajikuta naomba dua kimoyomoyo ingawa sikujua naomba nini. Mwalimu Mkuu akafungua daftari, akachomoa kalamu. Kidoti akavunja lakiri, akafungua karatasi, akaweka kidole.

"Mimi ni mnufaika wa Ofisi ya U-ra-ti-bu," akasoma. "Uratibu. Kabla ya Ofisi hii nilikuwa sijui kusoma. Hapa mtoto ainamishe kichwa."

Hakuinamisha kichwa. Alikuwa anasoma.

"Niliteseka sana. Hapa alie kidogo, lakini asipitilize, mgeni hapendi ma-ka-ma-si."

Kicheko kikaanzia nyuma, kikakatika. Mkurugenzi alinigeukia na uso ambao sitausahau. Mimi nilitazama paa.

"Ndipo Ofisi ikaja, ikanishika mkono. Katibu, ondoa habari za huyu fundi cherehani, nani atamjua, sema ni sisi."

Sasa hapakuwa na kicheko. Watu waligeuza shingo, mmoja baada ya mwingine, kumtafuta Bi Mkasi, aliyekuwa amekaa safu ya mwisho na futi la kupimia shingoni. Mkurugenzi akainuka nusu kutoka kitini. "Ruka!" akanong'ona kwa nguvu. "We mtoto, ruka hiyo, nenda mwisho!"

Kidoti akainua macho. Alimtazama Mkurugenzi, akamtazama Mwalimu Mkuu na kalamu yake. "Nikiruka nafeli," akasema, na kipaza sauti kikalipeleka neno hilo mpaka barabarani. Akarudisha kidole.

"Leo nasoma vizuri kwa msaada wa Ofisi. Lile kufuli la kibarazani lisifunguliwe wala benchi lisitolewe stoo mpaka mgeni aondoke, asije akaliona."

"Enhe," ikasikika sauti nzito ya mchukuzi kutoka dirishani, "halafu?"

"Mtoto akikwama asisaidiwe, ha-i-dhu-ru, ikifika hapa mgeni wetu huwa amekwisha kulala."

Ni ukimya uliomwamsha. Mgeni Rasmi alifumbua macho, akaona ukumbi mzima unamtazama. "Nani kalala?" akauliza.

"Mwisho," akasoma Kidoti, sasa bila kukata maneno, kwa kasi, kama mtu anayeteremka mlima. "Hapa ukumbi wote usimame umpigie Mkurugenzi makofi ya muda mrefu."

Ukumbi ukasimama. Sijapata kusikia makofi ya namna ile, mabati yalilia. Mkurugenzi, kwa mazoea, akasimama na yeye, akainua mkono kupunga. Kisha akaona watu wanakotazama, akaushusha mkono ule taratibu, akajikuna nao shingo, akaketi.

"Nimefaulu?" Kidoti akauliza kwenye kipaza sauti.

Mwalimu Mkuu alisimama bila kukaribishwa. Akahesabu kitu kwenye daftari lake, akafunga. "Hakuruka neno. Nukta amezifuata. Darasa la nne, mwanangu. Shuka usije ukaanguka."

Bi Mkasi alikuwa analia. Alikuwa analia wazi, anajifuta macho kwa lile futi, na bibi harusi, ambaye sasa alikuwa ameshaolewa, alimshika bega. Pembeni yao alikaa mwanamke mwembamba mwenye doa shavuni kama la Kidoti, mahali pale pale. Hakupiga makofi wala hakulia. Alikuwa ameishika mikono yake miwili kwa nguvu mapajani, vidole gumba vimefichwa ndani.

Mgeni Rasmi hakukata utepe. Aliuliza kibaraza kiko wapi, akaambiwa nyuma ya soko. Akauliza ufunguo uko kwa nani, Mkurugenzi akapapasa mfuko wa koti. Tukaenda kwa miguu, ukumbi mzima nyuma yetu. Mkurugenzi akafungua kufuli mwenyewe. Benchi tukalibeba yeye na mimi kutoka stoo, na njia nzima mchukuzi alikuwa kando yetu akitupa ushauri wa kitaalamu. "Piga magoti kwanza, mheshimiwa. Usiinue kwa mgongo. Aah, wewe hujawahi kubeba kitu." Mgeni Rasmi alikaa wa kwanza. Mtoto mmoja akajibana pembeni yake na kitabu, na safari hii hakusinzia, maana watu mia tatu walikuwa wanamwangalia. Kabla ya kuondoka aliiagiza Ofisi imwandikie, ndani ya siku kumi na nne, orodha ya mambo iliyowahi kuwafanyia watoto. Kikosi kazi kimeundwa.

Jioni Mkurugenzi aliniita ofisini nikamilishe kumbukumbu za uzinduzi. Alikuwa amekaa na ile karatasi mezani, tai amelegeza.

"Andika kwamba mtoto alikosea kusoma," akasema.

Nikafungua fomu ya taarifa, nikachukua kalamu. Nimefanya kazi naye miaka kumi na miwili na sijawahi kuhoji neno aliloniambia niandike.

"Alikosea neno gani, mkuu?"

"Andika tu alikosea."

"Fomu inataka neno lenyewe."

Akaivuta karatasi, akaanza kuipitia tangu juu, kidole chini ya kila neno, midomo ikimcheza. Alipofika mwisho akarudi juu. Nilimsubiri mpaka wafagiaji wakaingia na mafagio yao, kisha nikamuaga, nikaenda zangu nyumbani. Nafasi ile ya neno bado iko wazi, na taarifa ya uzinduzi haijatoka.